Mara ya Sita

Mashine ya kahawa ya chumba cha kungojea
humeza sarafu bila haya.
Naijua. Naipiga kofi ubavuni, inatema kikombe.
Kijana mkabala nami, Nikodem, miaka kumi na minane,
anauliza kama nimemsindikiza mwanangu.
Nimejisindikiza mwenyewe, nasema,
na hii ni mara ya sita.

Anacheka. Anajuta kucheka.
Nini kilikuangusha?

Koni. Niliigusa kwa kitako cha gari
kama mtu anayepenya benchi la kanisa misa ikiendelea:
ikayumba, ikafikiri, ikalala.
Ya pili, koni ile ile, au dada yake.
Ya tatu nilifika mjini Łomża, injini ikanizimikia penye taa,
lori la viazisukari likanipigia honi, nikalia.
Ya nne siisemi.
Ya tano nilisimama kumpisha bibi mwenye baiskeli
ambaye havuki. Alikuwa anapumua tu.
"Amezuia magari bila sababu," akaandika mtahini.

Mvumilivu hula mbivu, husema watu.
Mimi nimekula mbichi mara tano,
meno yote yana ganzi.

Sikuwahi kutaka gari.
Nina miaka hamsini na saba, nimewashonea maharusi
wa vijiji vyote hadi mto Narew,
na mguu wangu unajua pedali moja tu,
ya cherehani, ambayo husamehe.
Lakini mwezi wa tatu walifuta basi la alfajiri,
wakabandika karatasi kwenye nguzo, mvua ikaisoma kabla yetu,
na mama yangu Leokadia husafishwa damu hospitalini
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Jirani Zenon hutupeleka.
Hadai petroli. Hasemi neno.
Kimya chake ndicho nisichoweza kukilipa.

Nikodem anaitwa. Anarudi baada ya dakika nne.
"Koni," anasema, na sote wawili tunaitazama sakafu.

Kisha jina langu.

Mtahini ni Bwana Wieczorek, sura kama mlango wa benki Jumapili.
Lakini kifungo cha pili cha koti lake
kinaning'inia kwa uzi mmoja.
Naonyesha taa, naonyesha mafuta,
nafunga mkanda, macho yangu kifungoni.
Nani amemwacha atoke nyumbani hivi?

Sasa ule upinde, kinyumenyume, kati ya koni.
Mikono inatetemeka, halafu inakumbuka:
hili ni kwapa la koti.
Kitambaa hakisukumwi. Huongozwa,
kidogo, kidogo, hadi mshono ukutane na mshono.
Gari linarudi polepole, koni zinanipita kioo kwa kioo,
zimesimama wima kama wageni wa harusi.

Mjini sikumbuki vizuri.
Mzunguko, reli, kivuko cha pundamilia penye duka la mikate,
theluji ya kwanza isiyojua kama ni theluji.
Mahali fulani alisema "kulia", nikaenda kulia.
Kila tulipokata kona, kifungo kilipiga bembea.

Tukarudi uani. Akaandika, akaandika.
"Umefaulu," akasema, kwa sauti ya kusomea hali ya hewa.

Nami, mjinga, nikachomoa sindano kwenye ukosi wangu:
"Kifungo chako, bwana. Dakika mbili tu."
Akatazama kifungo.
Akatazama kamera ndogo juu ya kioo,
inayorekodi kila kitu, hata hisani.
"Siruhusiwi," akasema taratibu,
akakikata kwa vidole, akakitia mfukoni
kama mtu anayeficha peremende asionwe na mkewe.

Nje, nikampigia mama.
Nikasikia redio yake, sufuria, kisha kimya kirefu.
Nilidhani analia.
"Sawa," akasema mwishowe.
"Lakini Zenon, tutamwambiaje?
Ijumaa huwa anavaa shati safi."