Mpanda Ngazi

Mpanda ngazi hushuka, walisema waliotutangulia,
ila hawakusema ashukie wapi.
Sisi tulikuwa na njia yetu, Nvard:
mita kumi, sekunde moja na nusu.
Ngazi tukawaachia wafagiaji.

Ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi.
Kipupwe kile Yerevan haikuwa na umeme,
bwawa lilikuwa shimo la vigae vya buluu,
na paka alizalia kwenye kona ya kina kirefu.
Kocha Zaven alitandika magodoro mle chini,
akatufunga kamba viunoni, akasema: pindukeni.
Tukajifunza kupiga mbizi vumbini.
Maji tuliyajua kama yatima ajuavyo sura ya baba:
kwa kuambiwa.

Aprili tukapanda basi kwenda Tbilisi kutafuta maji,
mwendo wa saa sita, tukitapika kwa zamu katika mfuko mmoja.
Uliposimama juu mara ya kwanza
uliyavulia taulo,
kisha ukashuka kwa ngazi,
vidato thelathini na tisa, kamasi mpaka kidevuni.
Watoto wa Kijojia walicheka.
Zaven hakucheka. Alikumegea nusu ya mkate wake.
Jioni ulipanda tena bila kumuaga mtu.

Miaka kumi na mitatu niliishi kwa hesabu yako:
mek, yerku, yerek.
Ulihesabu kwa pumzi, si kwa sauti,
nami niliisikia hata usingizini.
Mume wangu wa kwanza alidhani ni jina la mtu.

Wengine wakitembea hurudi na habari za makanisa na madaraja.
Sisi tuliijua miji kwa dari zake.
Rostock: taa ya tatu inapepesa, usiifuate.
Montreal: dari jeupe mno, hujui juu ni wapi.
Guangzhou tulipata shaba;
Zaven aliificha ndani ya soksi
asije akatozwa ushuru.

Kazi ya ajabu, kujikunja na kufunguka,
viganja bapa, shingo imefungwa,
yote hayo ili kusitokee kitu,
maji yakufunike
kama mlango uliofungwa na mtu mwenye adabu.
Tone likiruka ni deni.
Ulilipa kwa kifundo cha kushoto, skrubu mbili.
Ukalipa kwa bega.
Kisha jicho.

Hukuniambia. Ulisema ni inzi,
ukawa unawafukuza ndani ya basi, mwezi wa Februari.
Daktari Mkrtich alikuonyesha picha:
utando wa nyuma ya jicho ukibanduka
kama karatasi ya ukutani kwenye nyumba yenye unyevu.
Ukamwomba wiki tatu.

Rostock tena. Mbizi ya mwisho.
Migongo kwa maji, visigino hewani.
Mek, ukasema. Yerku.
Nikaenda.

Nilijua kabla ya mpinduko wa kwanza.
Kushoto kwangu, pale ambapo siku zote palikuwa na joto lako,
palikuwa na ukumbi tu.
Nikapinduka mara tatu na nusu, mjane wa angani,
na maji yakafunguka, yakafunga, hayakusema neno.
Mbizi bora kuliko zote nilizowahi kupiga.
Wakanipa sifuri.
Ndiyo kanuni: wawili, au hapana.

Nilipoibuka ulikuwa kwenye ngazi,
mkono mmoja ukutani, unapapasa
kama mtu aliyeamka usiku kutafuta maji ya kunywa.
Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.
Zaven alikuwa kaburini tangu vuli.
Nikapekua mkoba: bandeji, tikiti,
biskuti moja ya hotelini, imevunjika.
Nikakupa kipande kikubwa.

Ulitafuna bila kuniangalia.
Kisha ukauliza, Uliingiaje?
Bila tone, nikasema.

Nilisikia, ukasema.