Zamu Yangu Kwenye Kerezo

Miaka kumi na moja Alphée amekuwa mdomo,
mimi nimekuwa mikono.
Yeye husimama mbele ya watu, hutania vikongwe,
huwauliza watoto mti husema nini ukikatwa;
mimi nyuma nanoa patasi, napanga vijiko mezani,
nahesabu chenji.
Mwaka huu amewekewa nyonga mpya hospitalini
na zamu imeniangukia
kama tufaha bovu kichwani.

Jumba la zimamoto. Gari jekundu limetolewa nje
ili kijiji kipate pa kufanyia sherehe ya mavuno.
Kushoto kwangu Madame Robicheau na pai zake ishirini na nane.
Kulia, bahati nasibu: mshindi atapewa nusu ya nguruwe.
Katikati mimi, miwani ya plastiki, na gogo la mtufaha
ulioangushwa na kimbunga cha Septemba
nyuma ya shule iliyofungwa.

Nawasha. Gogo linazunguka, halina umbo bado,
ni ukungu wenye pembe.
Nalaza patasi juu ya egemeo,
nasubiri, kama anayetaka kuvuka barabara,
kisha tak-tak-tak-tak
gome linaruka,
kisha tak inageuka kuwa shhh
na maranda mabichi yananimwagikia begani,
marefu, yenye maji,
yananukia jiko la mtu anayekupenda.

Watu wamesimama. Nyuso tisa. Kumi na nne.
Wanangoja niseme.
Maneno ninayo, yamekaa kooni
kama abiria wasio na tiketi.
Nasema, "Huu ni mtufaha."
Mwanamume mmoja anaitikia kwa kichwa, kwa adabu,
kisha anatazama pai.

Hapo ndipo patasi inapong'ata.
Mkereza yeyote anaujua mlio huo:
si mlio, ni kofi.
Kipande cha ukingo kinaruka, kinapiga kabati
la makoti ya wazimamoto,
na jumba zima linanyamaza, hata vikaango.

Mvulana mwenye kofia ya hoki ananiuliza,
"Ulikusudia?"

Alphée angekuwa na jibu. Angesema mti umepiga chafya.
Nimemsikia mara sita, na mara sita wamecheka.
Mimi nikasema, "Hapana."
Nikasema, "Niliwaogopa, nikainua mkono,
na chuma ukikiinulia mkono
hujitafutia njia yake."

Sijui kwa nini wakasogea.
Yule wa pai akarudi.
Nikawaonyesha mahali ilipong'ata, shimo la upana wa ukucha,
nikawaonyesha kidole gumba, kovu la mwaka wangu wa kwanza,
nikawaonyesha jinsi mgongo wa patasi
unavyotakiwa kuulalia mti kwanza
kabla makali hayajaomba chochote.
Maneno yakapita bila tiketi.
Mengine sikujua kama ninayajua.

Bakuli lililokusudiwa supu
likawa la karanga, kisha
la vifungo. Nililifukuza lile shimo hadi likaisha,
na lilipoisha mti nao ulikuwa karibu kuisha,
mwembamba hivi kwamba mwanga wa taa ulipenya ukingoni
ukatoka na rangi ya chai.

Mvulana hakulitaka bakuli.
Alitaka maranda, ya kumtandikia sungura wake
aitwaye Brigadia.
Nikamjazia mfuko. Akaondoka ameukumbatia,
unamchuruzikia maji viatuni,
bila asante.

Jioni Alphée akapiga simu. Walikuwa wangapi?
Na ilipong'ata, uliwaambia nini?
(Hakuuliza kama iling'ata.)
Nilikuwa nafagia. Gari jekundu lilikuwa linarudi ndani
kinyumenyume, pi, pi, pi,
magurudumu yakapanda maranda niliyoyasahau
na harufu ikafumuka upya kutoka sakafuni,
tamu, kubwa kuliko jumba.
"Subiri kidogo," nikamwambia,
"kuna gari linapita."