Klipu ya Chini

Makorora, saa nane. Rejeta imepoa, mimi bado.
Klipu imeng'ang'ania mpira kama kupe,
kichwa cha skrubu kimeelekea chini
pasipofika bisibisi wala jicho.
Kutu ya chumvi: Tanga hii hata bawaba hukohoa.

Nimeimwagia dizeli, nimengoja.
Nimeibembeleza kwa koleo, imening'ata kidole gumba.
"Fundi gani mwendawazimu," nikamuuliza Sekibo,
"anafunga kitu kama hakitafunguliwa tena?"
Sekibo anatafuna kashata, hajibu.

Mwisho nikachukua msumeno wa chuma,
jino kwa jino, taratibu, nisiukate mpira.
Tik.
Ukanda ukafyatuka,
maji ya kutu yakanimiminikia kifuani.

Nikaigeuza kiganjani.
Karibu na skrubu, doa jekundu:
rangi ya kucha ya Mwanahawa,
alama niliyokuwa nikizitia kazi zangu
mwaka ule alipokuwa bado kwangu.

Sekibo akainama. "Ya nani?"
Nikaitia mfukoni.

Mpya nimeifunga kichwa juu,
nikakaza hadi mpira ulipoanza kugoma,
halafu nikarudisha nusu mzunguko.