Daftari la Jabali

Pitaluga, karani wa forodha wa Jibralta,
aijua nchi yake kwa mizani:
nyanya huvuka lango alfajiri,
unga watoka Ureno, nyama Tanja.
Jabali halioteshi kitu
ila kima na mihuri.

Nchi yenyewe fupi:
ukipiga chafya kaskazini,
kusini wanakuitikia, "Afya!"
Gavana huletwa na meli, kofia yake ina manyoya.
Baraza hubishana bei ya maji hadi usiku,
kisha hungoja barua kutoka ng'ambo.

Juni ile jirani akafunga lango.
Wapakuzi hawakuja. Winchi zikanyamaza,
shehena ya vitunguu ikaota bandarini.
Gavana akahutubia.
Baraza nalo likahutubia.
Pitaluga akachovya kalamu:
Nyanya, hakuna.

Jumapili akaenda kwenye uzio,
mtoto mabegani.
Ng'ambo, hatua themanini,
dada yake Remedios alipaza sauti:
"Ana meno mangapi?"
"Manne!"
Upepo ukala jibu.
"Mangapi?"
Akanyoosha vidole vinne,
vile vile vya kuhesabia magunia.
Askari wa zamu, midomo ikimcheza,
naye akahesabu.