Kadi ya Giga Nne

Muuzaji aliniambia: miaka kumi.
Hakusema kumi ya nani.
Imekula vumbi la Kasese, imekunywa jasho la mfuko wa shati,
mwaka ule Nyamwamba ulipoingia studio ikazama,
nikaianika dirishani pamoja na soksi.
Bado inaandika.

Kila Jumatatu nafuta harusi ya Jumamosi
nipate pa kuweka pasipoti, mahafali, mazishi.

Juzi Kabugho alikuja na risiti iliyofifia.
Anaitaka ile ya Muhindo, ya kitambulisho,
shingo imekakamaa, koti si lake, ni la studio.
"Si ulisema kadi yako haifi?"
Haijafa, mama.
Ni hiki kidole.

Usiku kucha kompyuta ilichokonoa.
Alfajiri likatoka paji, likatoka jicho,
sikio moja; kuanzia puani kushuka
kijivu kitupu, kama bati.

Nikamchapia hivyohivyo, bila shilingi.
Akafunika kijivu kwa kiganja, akakaa kimya,
kisha akasema: "Ndivyo alivyokuwa akichungulia mlangoni
akichelewa."

Kesho kuna ubatizo Kilembe.
Kadi imejaa.
Sijafuta.