Kengele ya Mzunguko wa Mwisho

Watu wa redio wameuliza, wakajijibu wenyewe:
tumeshindaje hivi, medali mpaka zakosa shingo?
Mmoja kasema ni mwinuko: hewa ya Nairobi ni nyembamba,
mgeni huvuta pumzi, akapata nusu, nusu akabaki akidai.
Mwingine kasema fedha. Wa tatu kasema idadi:
mwenyeji haombi nafasi, huingia kwa kila mlango,
hata mchezo wa vitara, ambao mtaani kwetu
hakuna aliyeuona ila kwenye filamu.

Sibishi.
Ila mimi ndiye niliyepiga kengele pale Kasarani,
siku kumi na mbili, kwa mkono huu wa kulia,
na mtu akisimama kwenye kengele
huona mambo yasiyofika kwenye takwimu.

Niliona baridi ya Julai imekaa uwanjani kama mdai,
wageni wamejifunika blanketi hadi masikioni.
Waliambiwa huku ni jua.
Mgeni siku mbili; siku ya tatu
sisi tulimpa mita elfu kumi.

Nilimwona Akeyo wa jikoni, saa kumi alfajiri,
akisonga ugali kana kwamba anagombana nao.
Wetu walikula, wakalala.
Wengine walikula, wakauliza ni nini.

Nilimwona Nzioka wa Mwiki na reki yake,
mlinzi wa shimo la mchanga.
Miezi minne wetu waliruka humo, yeye akifuta nyayo,
hadi akajua kisigino cha kila mmoja.
"Jerop hukanyagia kushoto," aliniambia,
"na ubao ule umeshamzoea."
Kana kwamba ubao huzoea mtu.
Jerop akaruka, akashinda kwa upana wa kidole,
Nzioka akaifuta ile alama polepole kuliko zote.

Na watoto wa shule, walioletwa bure kutoka Githurai,
walioambiwa: shangilieni nyekundu.
Walishangilia nyekundu.
Walishangilia hata watu wa machela,
waliokimbia na mgonjwa, nao wamevaa nyekundu.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo isemwavyo.
Haisemwi anayetunzwa hubeba nini.
Mulizeni Sambu, wa mita elfu moja mia tano.
Kijijini kwao walikodi lori, wakajaa safu ya saba,
mama yake kaleta jogoo kwenye kikapu, ili akishinda.
Kwenye kona ya mwisho Sambu aliinua macho
kumtafuta mama,
akamaliza wa tano.
Alikuja kukaa chini ya kengele yangu, viatu mkononi.
Tukamsikia jogoo akiwika, mchana ule,
wala hatukutazamana.
Huyo naye ni wa kwetu. Redio haikumtaja.

Sasa niseme langu, maana hakuna aliyeniuliza.

Mita elfu tano, wanawake. Kanuni ni moja:
anayeongoza akifika, piga.
Aliyeongoza alikuwa mgeni, mfupi, wa fulana ya kijani,
anakimbia kama mtu aliyeacha chungu jikoni.
Nikapiga, kwa haki, kama siku zote.
Nyuma yake hatua mbili akaja Chebii wetu,
shingo imelegea, macho yamekwisha kukubali,
na mkono wangu, Mungu shahidi, sikuutuma,
ukapiga tena.
Ukapiga kama anayeita mtu ndani ya nyumba inayoungua.

Chebii akainua kichwa.
Yaliyofuata mliyaona.

Huenda ni mwinuko. Huenda ni fedha.
Kengele ile ni ya shaba, haina taifa.

Jioni, majukwaa yamebaki na maganda ya njugu,
yule wa kijani alipita na begi lake begani,
akasimama, akacheka, akaninyoshea mkono
kunishukuru, nadhani, kwa kelele.
Nikampa wa kushoto.