Sauti Zote ni za Baba

Nyuma ya duka la chaja na nyaya, Mwanjelwa,
kulikuwa na chumba kimoja, magodoro yameegemezwa ukutani,
na humo baba yangu, Asajile,
alikuwa mke, mume, mamamkwe, daktari
na yule mtoto aliyebadilishwa hospitalini siku ya kuzaliwa.
Watu sita wanagombania urithi mmoja,
na wote sita wana mafua ya baba.

Tamthilia zilifika kwenye mfuko wa rambo,
Istanbul, Seoul na Manila zimefungwa kwa raba moja.
Alisoma maandishi ya chini kwa Kiingereza cha kuungaunga,
na yalipomkimbia, alibuni:
mzee wa Seoul akaapa kwa mlima Rungwe,
binti wa kifalme akalia kuhusu bei ya mbolea.
Hakuna mteja aliyerudisha kanda.

Mvua ya Aprili nayo haikuomba ruhusa.
Ilipiga bati, ikaingia kwenye kinasa sauti;
ndiyo maana katika kazi zake
jua la Istanbul linawaka, wapenzi wanakula aiskrimu,
na mvua ya Mbeya inawanyeshea.

Jumamosi ilikuwa zamu ya katuni.
Nilikuwa na miaka sita, nimekaa mkekani,
treni yenye macho ikasimama, ikanitazama,
ikasema kwa sauti ya baba:
“Lugano, anayeiba sukari huumwa jino.”
Nikaitema.
Watoto wa jirani wakageuka kunitazama,
wivu umewajaa:
treni ya ng’ambo inamjua kwa jina!

Lakini nyumbani, Ilomba, sauti ilikuwa imekwisha.
Alirudi koo limekauka kama gunzi,
akaonyesha chumvi kwa kidole,
akaonyesha mlango ufungwe.
Mama akimmiminia maji ya tangawizi:
“Leo umemwambia yule mwenye hereni unampenda
mara kumi na saba. Nimehesabu.”
Baba akacheka kwa mabega tu.
“Ile ni kazi,” akanong’ona.
“Na hapa ni likizo?” mama akauliza,
akageuza mkaa ambao haukuhitaji kugeuzwa.

Akaondoka mwaka ule barafu ilipounguza viazi Uporoto.
Hospitali ya Rufaa waliutaja ugonjwa kwa jina refu.
Sisi tulisema koo.

Siku hizi kuna vijana wenye kompyuta.
Kila mhusika ana sauti yake, safi, imenyooka,
hakuna anayekohoa, hakuna jogoo,
na huko ng’ambo mvua hunyesha pale tu panapopaswa.
Mama hutazama dakika mbili, akaenda kuchambua maharage.

Ana diski moja, ameivika gazeti.
Usiku, umeme ukiwa na huruma,
huiweka, akapeleka mbele hadi sehemu ya sitini na moja.
Wapenzi wanapita mbio, harusi inapita mbio,
mama hana haja na harusi.
Anasimamisha kwenye jumba la kifalme:
malkia peke yake, kikombe cha sumu mkononi,
kimya.

Na katika kimya kile mlango unalia,
mlango wa Mwanjelwa,
na ndala, na birika linaguswa na sahani ya viazi.
Malkia anafunua midomo yake myekundu,
sauti nzito, ya taratibu, isiyo ya mtu yeyote wa ng’ambo:

“Weka hapo, Tumpe. Ndaga fijo.
Nje baridi, vaa koti langu.”

Hakulifuta. Sijui alisahau, au.
Mtaa ulicheka wiki nzima, ukauliza
Tumpe ni nani katika ufalme ule.

Malkia anakunywa. Anaanguka.
Mama, koti limemfika magotini,
anarudisha nyuma,
na malkia anasimama tena.